Filimbi Ibaki Mkononi mwa Nani?

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya kujitolea kufundisha michezo katika makao ya yatima ni jambo la juzi na jana, lililoletwa na vijana wa Ulaya na Marekani wenye mabegi mgongoni na kamera shingoni. Sivyo. Kazi hiyo ina umri wa zaidi ya karne moja katika mwambao wetu, na walioianza hawakuwa watalii. Walikuwa watu walioacha makwao bila kutarajia mshahara, na wengi wao walizikwa huku huku. Mema yao na kasoro zao vimeturithisha namna ya kumtazama mtoto asiye na wazazi, nasi hatuna budi kuurithi urithi huo kwa macho yaliyo wazi.

Naandika haya kwa sababu mimi nami niliifanya kazi hiyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Magila, wilayani Muheza, na katika miaka ya 2004 na 2005 nilikaa miezi 11 wilayani Nkhotakota, nchini Malawi, nikiwafundisha watoto 34 wa makao ya kanisa kandanda na netiboli. Sikulipwa. Nilipewa chumba, chakula na nauli. Kabla ya kwenda nilisoma historia kidogo, na niliporudi nikasoma zaidi, maana niliyoyaona kule yaliniachia maswali ambayo mahubiri peke yake hayakuyajibu.

Tuanze na mwaka 1857. Mwaka huo mambo mawili yalitokea Uingereza ambayo hayakuonekana kuwa na uhusiano wowote. La kwanza, Thomas Hughes alichapisha kitabu chake kiitwacho Tom Brown's School Days, kinachosimulia maisha ya wavulana wa shule ya Rugby, na ndani yake uwanja wa michezo ni mahali pa kumlea kijana sawa na darasa au kanisa. Ni katika mwaka huo huo Waingereza walipoanza kuzungumza juu ya "Ukristo wa misuli", yaani imani kwamba mwili wenye nguvu na nidhamu ni chombo cha kumtumikia Mungu na kuwatetea wanyonge. La pili, mwezi Desemba, David Livingstone alisimama mbele ya wanachuo wa Cambridge akawasihi waje Afrika. Wito huo ndio uliozaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake nne, UMCA.

Vijana walioitikia wito huo walikuwa wametoka katika shule zile zile zilizoabudu kriketi na kandanda. Kwa hiyo walipofunga masanduku yao, walifunga na Biblia, na dawa ya homa, na fikra kwamba mvulana hufundishwa uungwana kwa kumkimbiza nyuma ya mpira.

Kazi yao ilianza na watoto kabla hawajapanga. Mwaka 1861, katika nyanda za juu za Shire, ambazo leo ziko Malawi, Livingstone na Askofu Charles Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa wakawafungua watu 84, wengi wao wanawake na watoto. Misheni iliyokuja kuhubiri ikajikuta kwanza inatafuta unga wa kuwalisha watoto wa watu. Mackenzie alifariki kwa homa mwezi Januari mwaka 1862. Mwandamizi wake, Askofu William Tozer, aliona kituo kile hakikaliki, akahamishia kazi Unguja mwaka 1864. Huko Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza.

Ndugu msomaji, uangalie miaka hiyo. Kanuni za kandanda tunazozijua ziliandikwa London mwaka 1863. Tozer alishuka Unguja mwaka uliofuata. Mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga kuliko watoto aliokabidhiwa.

Wavulana hao waliongezeka kadiri manowari za Kiingereza zilivyozidi kukamata majahazi. Shule yao ilijengwa Kiungani, kusini ya mji wa Unguja, na ya wasichana ikawekwa Mbweni. Misheni nyingine zilifanya vivyo hivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha watoto waliokombolewa. Wenzao wa CMS walifungua Freretown, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, ambako mnara wa kengele yao ungali umesimama. Huko Kiungani, kabla karne ya 19 haijaisha, wavulana walikuwa wakicheza kandanda na kriketi chini ya walimu wao wa Kizungu. Kwa maneno mengine, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuupiga mpira wa miguu kwa kanuni zake katika pwani hii walikuwa watoto waliotekwa, wakauzwa, wakakombolewa, na ambao hawakuwa na njia ya kurudi kwao.

Je, walikuwa yatima? Neno hilo ndilo lililonisumbua. Kwetu yatima ni aliyefiwa na baba au mama. Lakini mtoto aliyechukuliwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa huenda baba yake alikuwa hai, na mama yake alikuwa akimlilia kila machweo. Ukiwa wake haukuletwa na kifo. Uliletwa na njia ndefu na bahari. Misheni ilimpa nguo, chakula, herufi na dini. Ilimpa pia jina jipya la ubatizo. Ikampa na kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya kula. Mchezo nao ulikuwa na kengele yake, nayo ni filimbi. Ipigwapo, wote husimama. Mwenye filimbi ndiye mwenye neno la mwisho.

Hatuna budi kuwa waadilifu katika jambo hili. Utaratibu ni dawa kwa mtoto aliyeona vurugu. Mtoto ambaye kijiji chake kilichomwa moto usiku hupata utulivu kwa kujua kwamba saa kumi jioni kuna mazoezi, na kesho saa kumi jioni yatakuwapo tena. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Lakini utaratibu huo unaweza pia kumfunika mtoto, kama vile shuka jeupe linavyofunika godoro bila kulitibu. Uwanjani hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Hiyo ni neema kubwa, na ni hatari kubwa vile vile.

Kwa bahati njema, Kiungani palikuwa na mtu mmoja aliyeuliza. Arthur Cornwallis Madan, msomi wa Oxford ambaye tunamjua zaidi kwa kamusi zake za Kiswahili, aliwataka wavulana waandike habari zao wenyewe: walikozaliwa, jinsi walivyokamatwa, walipitia mikono ya nani. Mwaka 1887 alizichapisha kwa Kiingereza katika kitabu alichokiita Kiungani. Humo wamo watoto wanaokumbuka mashamba ya wazazi wao na siku ya kukamatwa kwao. Wengi walitoka pande za ziwa. Mmoja wa vijana waliolelewa Kiungani, Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mdogo, alipewa upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo, akaenda kuhudumu upande wa Ruvuma, karibu na watu wake.

Ndiyo maana, basi lilipokuwa likiteremka kutoka Mzuzu kuelekea Nkhotakota, niliiona safari yangu kuwa kitu kigeni. Nkhotakota ilikuwa bandari ya akina Jumbe, wafanyabiashara wa pwani waliovusha watumwa kwa majahazi hadi upande wa pili wa ziwa, na kutoka hapo kwa miguu hadi Kilwa. Watoto wa nchi ile waliletwa pwani yetu wakafundishwa mpira na wageni. Sasa mtu wa pwani alikuwa anakwenda kwao kufundisha mpira watoto wao, mgeni kwa zamu yake. Mzee mmoja Mwislamu pale sokoni, aliposikia nimetoka Tanga, alinisalimu kwa Kiswahili cha zamani alichorithi kwa babu yake, kisha akacheka akasema, "Safari hii mmekuja kurudisha."

Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu na magoli ya mianzi. Tulikuwa na mipira miwili ya dukani, na mingine ya nailoni na kamba waliyoisuka wenyewe, ambayo kwa kweli waliipenda zaidi. Kichewa nilijifunza palepale, kwa kuchekwa. Neno la kwanza halikunipa shida, maana mpira kwa Kichewa ni mpira. Neno jingine lilinipa fundisho. Kule chambo ni samaki mkubwa mtamu wa ziwa, fahari ya mlo. Kwetu chambo ni kile unachokiweka katika ndoana ili umpate samaki.

Nasema fundisho kwa sababu swali kubwa la kocha Mkristo limo katika neno hilo. Wapo wanaotumia mpira kama chambo cha Kiswahili: mtoto aje kwa ajili ya mpira, tumnase kwa ajili ya dini. Nkhotakota ina Waislamu wengi tangu enzi za akina Jumbe, na miongoni mwa wale 34 walikuwamo watoto waliozaliwa katika nyumba za Kiislamu. Mimi ni Mkristo na sikuficha hilo. Tulisali kabla ya kula, na aliyetaka kusikia habari za Yesu alizisikia. Lakini niliazimia tangu mwanzo kwamba mpira uwe chambo cha Kichewa, yaani uwe chakula chenyewe. Mtoto akicheza, akafurahi, akalala usingizi, basi kazi imetimia. Mungu hahitaji hila za kocha.

Wiki ya kwanza, kipa wetu, mvulana wa miaka 12, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, unaondoka lini?" Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mvua itaanza mwezi gani. Kabla yangu walikuwa wamekuja wageni wengine, kila mmoja akakaa wiki kadhaa, akapiga picha, akalia siku ya kuagana. Watoto walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa wa kuagwa. Nikamtajia mwezi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi golini.

Alikuwa kipa wa ajabu, lakini kila alipofungwa alitoka golini akaenda kukaa peke yake nyuma ya mwembe. Wenzake hawakumsuta. Walimsubiri, na mchezo ukasimama mpaka aliporejea. Kanuni za London hazina kifungu cha namna hiyo, nami sikuwaondolea. Kidogo kidogo ndipo nilipojua kwamba mama yake alikuwa hai. Alikuwa mgonjwa kitandani, umbali wa nusu siku kwa baiskeli, na bibi alikuwa amemleta mvulana makaoni ili apate chakula na shule. Hakuwa peke yake. Wengi katika wale 34 walikuwa na mzazi mmoja, au bibi, au mjomba, aliyeshindwa na ufukara. Mashirika ya watoto yamekwisha kulieleza jambo hili kwa ulimwengu mzima: walio wengi katika makao ya yatima wana mzazi aliye hai. Ni yale yale ya Kiungani, ila mahali pa jahazi la watumwa wamekuja njaa na UKIMWI.

Sasa katika mwaka ule wa 2004, serikali ya Malawi ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Mama yule alizipata. Mwezi Machi mwaka 2005 alikuja mwenyewe, amekonda lakini anatembea, akamkuta mwanawe uwanjani katikati ya mazoezi. Hakumwita. Alisimama kwenye mstari pamoja na watazamaji hadi filimbi ya mwisho, kisha akamfuata. Wiki iliyofuata walikwenda zao nyumbani. Timu yetu ilipoteza kipa wiki mbili kabla ya mechi tuliyokuwa tumeingojea, tukafungwa mabao manne. Sijapata kulifurahia pengo kama nililofurahia lile. Lakini usiku ule mabweni yalikuwa kimya kuliko kawaida, na kila mlezi alijua ni kwa sababu gani. Kila mtoto alikuwa anahesabu nani wa kwake angeweza kusimama kwenye ule mstari.

Tangu hapo nimeamini kwamba kocha wa yatima anapimwa kwa jambo moja gumu: je, yuko tayari timu yake ivunjike ili watoto warudi kwao? Makao yanayojivunia idadi ya watoto, na kocha anayejivunia vikombe, wote wawili wanaweza kumpenda mtoto kwa namna inayomzuia.

Mtu ninayemfikiria mara nyingi katika jambo hili ni Eric Liddell. Wengi wanamjua kwa mbio za Paris za mwaka 1924. Alikataa kushiriki mita 100 kwa kuwa mchujo ulipangwa siku ya Jumapili, akakimbia mita 400 badala yake, akashinda medali ya dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia wakati huo. Mwaka uliofuata alirudi China, nchi aliyozaliwa, akawa mwalimu wa misheni huko Tientsin. Vita vilipokuja, Wajapani walimfunga pamoja na wageni wengine katika kambi ya Weihsien mwaka 1943. Kambini mlikuwa na watoto wa shule ya Chefoo, watoto wa wamisionari, waliotekwa mbali na wazazi wao wasijue watawaona lini. Nao walikuwa yatima wa njia ndefu. Liddell aliwafundisha sayansi, akawapangia michezo. Walioishi naye wamesimulia kwamba mwanzoni alishikilia kutokuwa na michezo siku ya Jumapili, lakini vijana walipocheza bila msimamizi na kupigana, alikubali kuwa refa wao siku hiyo. Dhahabu ya Olimpiki haikumtoa katika Jumapili yake. Watoto wa watu, walioachwa bila mkubwa wa kuwasimamia, walimtoa. Alifariki mle mle kambini tarehe 21 Februari 1945, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 43.

Hata hivyo, Liddell alikaa kwa sababu ukuta na walinzi vilimkalisha. Wengi wetu tuna tiketi ya kurudi. Basi mtu wa tiketi afanyeje? Afrika Mashariki ina mfano mzuri. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Canada, alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana katika mtaa wa Mathare, Nairobi, kijulikanacho kama MYSA. Timu hupata pointi kwa mechi, na hupata pointi vile vile kwa kuzoa taka za mtaani. Lakini kilicho muhimu kuliko vyote ni kwamba vijana wenyewe ndio waliofanywa viongozi, makocha na marefa. Mgeni hakuishika filimbi peke yake.

Mimi nilijaribu hivyo hivyo kwa kiwango changu. Kuanzia mwezi wa pili, filimbi ilizunguka. Msichana wa miaka 14, ambaye hakuupenda mpira ila alipenda haki, alikuwa refa mkali kuliko sisi sote, na mara moja alinitoa nje mimi mwenyewe kwa kubishana naye. Mwalimu wa shule ya jirani aliyeishi hatua 200 kutoka makaoni alichukua mazoezi ya Jumanne na Alhamisi. Nilipoondoka mwezi ule ule niliomtajia kipa, mazoezi ya Jumanne iliyofuata yalikuwapo saa kumi jioni kama kawaida. Niliandikiwa barua juu ya hilo, nami naitunza.

Historia inaonyesha kwamba mpira wenyewe hutafuta wenyeji. Kiungani ilihamishiwa bara, Minaki, katika miaka ya 1920. Wakati huo huo vijana wa Unguja walikuwa wameshaunda timu zao na kucheza Mnazi Mmoja, Waislamu kwa Wakristo, wa mjini kwa wa Ng'ambo, na baadhi yao walikuwa wajukuu wa watumwa. Mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika mashindano ya Kombe la Gossage pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mwaka 2014, huko Rio de Janeiro, kombe la dunia la watoto wa mitaani lilitwaliwa na wavulana wa Tanzania, walioishinda Burundi katika fainali. Watoto waliolala vibarazani walirudi nyumbani mabingwa, na nchi nzima ikataka kuwaita wanawe.

Ukimwuliza leo kijana anayecheza ufukweni Unguja ni mmisionari gani aliyeleta mpira Kiungani, hatakujibu, wala haoni sababu ya kujua. Wengine wataona hiyo ni kukosa shukrani. Mimi naona ndiyo malipo yaliyo bora. Basi kijana wa kanisani anayejiandaa kwenda nchi ya watu kufundisha michezo watoto walioachwa, namshauri afunge viatu imara, ajifunze lugha, aulize habari za kila mtoto, na aulize walipo jamaa zake. Na filimbi aibebe, lakini anunue yenye kamba ndefu, itakayowatosha wengi shingoni.